Kidevu Nilichokisafisha Mno

Wadogo zangu mliochukua chumba cha nyuma pale saluni ya Ilomba, mmenipigia simu mara nne wiki hii. Mara ya kwanza mlitaka kujua uzi nanunua wapi. Mara ya pili, uzi ule ule. Mara ya tatu mlitaka majina ya wateja wangu, na mara ya nne mlitaka kujua kwa nini siwapi. Nimeamua kuandika, maana kwenye simu mnanikatiza, mkinikatiza nasahau, na nikisahau jambo nashinda siku nzima nikijilaumu.

Najua mnacheka mkisikia nimestaafu. Nina miaka thelathini na tatu. Wenzangu wakistaafu wanapewa kiinua mgongo. Mimi nimebaki na mgongo tu, na shingo ambayo asubuhi inageukia upande mmoja. Miaka kumi na tatu ya kuinamia videvu vya watu si mchezo. Chekeni, lakini mkicheka kaeni wima.

Kazi yangu ilikuwa ndevu za wanawake. Lisemeni tu neno lenyewe, halichomi mdomo. Nyinyi mnaandika kwenye tangazo “usafi wa uso”, kama vile watu wanakuja kunawa.

Sikufundishwa na mtu. Nilikuja Mbeya mjini kutoka Rungwe kuosha vichwa na kufua mataulo kwa Mama Nuru, mwenye saluni, ambaye wakati huo ndevu aliziondoa kwa wembe na sala. Kunyofoa kwa uzi nilijifunza kwenye simu, kwa video za wanawake wanaoongea lugha nisiyoijua, nikitazama vidole vyao tu. Nilijizoeza kwenye miguu yangu mpaka ikawa myekundu kama nyanya za sokoni. Kisha nikahamia kidevuni kwangu.

Ndiyo, kidevuni kwangu. Kulikuwa na kazi ya kutosha pale. Tangu nina miaka kumi na saba nilikuwa naamka kabla ya dada zangu ili ninyoe kwa wembe wa baba, na nikaendelea kuamka kabla ya watu hata nilipokuwa naishi peke yangu, ambapo hapakuwa na wa kumficha. Saluni nilivaa kitambaa shingoni nikavuta hadi kidevuni. Nilisema ni baridi. Mbeya hakuna anayebisha ukisema baridi.

Sasa mnaotaka ufundi, huu hapa. Pasha mikono joto kwenye jiko kabla hujamgusa mtu; mwezi wa sita vidole vyako ni vyuma. Mteja mwenyewe ndiye avute ngozi yake, shavu kwa ulimi kutoka ndani, kidevu kwa vidole, maana wewe una mikono miwili tu na meno yameshika uzi. Usipite juu ya chunusi. Usimwambie mtu kwamba wembe unazidisha ndevu, kwa sababu si kweli; wembe unakata tu kilichokwisha kuota, na kinachootesha kiko ndani kabisa, mbali na wembe wako na uzi wako. Na usichemshe sukari na ndimu ukampaka mtu kabla hujaijaribu kwenye mkono wako. Mimi nilimpaka karani wa kanisa. Alikaa wiki mbili na bakabaka kidevuni akisema ameungua na uji. Usharika mzima ukamhurumia, na kila Jumapili akinipita mlangoni ananitazama kama mdaiwa wa dhambi.

Mama Nuru alinipa sheria moja: nyuma ya pazia hakuna jina. Anayeingia hajaingia, anayetoka hajatoka. Niliipenda sheria hiyo kuliko alivyoipenda yeye, kwa sababu ilinilinda mimi pia. Jumamosi moja wanawake watatu walikaa kwenye benchi moja nje ya pazia, kila mmoja kajifunika mdomo kwa mtandio, kila mmoja kageukia upande wake, na wawili kati yao walikuwa wanaimba kwaya moja. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Kila mmoja aliniambia ndani, kwa sauti ya chini, kwamba haamini kama kuna mwanamke mwingine mjini mwenye balaa kama lake. Nami nikawa nasema pole. Miaka kumi na tatu, pole. Ningeweza kufungua pazia tu.

Halafu kuna hawa wa bahati. Mtawakuta. Watu wanasema mwanamke mwenye ndevu ana bahati ya mali, kwa hiyo anakuja amekasirika anataka zote zitoke, ukifika mwisho anakushika mkono: “Niachie mbili tatu za bahati.” Jamani. Mimi ni mtu ambaye taulo likikunjwa vibaya nalikunjua nalikunja upya. Nitamwachiaje mtu nywele tatu katikati ya kidevu, kama mahindi yaliyosahauliwa shambani? Nilikuwa nazitoa akiwa amefumba macho. Akienda nyumbani anakuta bahati haipo.

Mmoja wa hao ndiye ninayetaka kuwaambia habari zake, na ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisijifanye nilikuwa na akili.

Anaitwa Subilaga. Ni mwalimu wa chekechea, mtu wa kucheka, mume wake dereva wa lori ambaye siku nyingi yuko njiani kuliko nyumbani. Mume ni Mhehe wa Kilolo. Subilaga alikuja kwangu kwa sababu mtoto wa miaka minne alimwambia mbele ya darasa, “Madam, una ndevu kama baba,” na darasa zima likataka kuzigusa kwa foleni. Baada ya hapo alikuja kila Ijumaa jioni, miaka minne, ambayo ndiyo ilikuwa umri wa ndoa yake. Mtoto alikuwa hajapata.

Nilimuuliza mambo yake kama nilivyowauliza wote, maana mtu akiwa kalala na wewe umeshika uzi kwa meno, anaongea. Alisema siku zake hazina adabu. Anakaa miezi mitatu, minne, hazionekani, halafu zikija zinakuja wiki mbili kama mtu kamwaga ndoo. Nikatoa uzi mdomoni nikamwambia maneno ambayo nikiyakumbuka natamani kuyameza: “Usihofu, ndivyo tulivyo wengine. Unaokoa pedi.”

Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo tangu shule. Nilidhani ni nafuu. Nilikuwa nimekusanya wanawake kama sisi kwa mamia, ndevu hapa, siku hazipo pale, weusi nyuma ya shingo ambao mtu anausugua kwa jiwe kama sufuria na hautoki kwa sababu si uchafu. Yote yalikuwa mbele ya macho yangu, kila siku, na sikuyaunganisha. Mnajua kwa nini? Kwa sababu kila nilichokiona nilikuwa nakiona kama kazi ya kuondoa.

Subilaga akaanza kwenda kliniki kutafuta mtoto. Na kila alipotaka kwenda, jana yake alikuja kwangu. Sikumfanyia haraka. Kidevu, pembeni mwa mashavu, mstari wa kitovuni, kifuani. Shingoni nilimpaka krimu ya kung’arisha. Nilichukua saa mbili, nikamgeuza kwenye mwanga wa dirisha nikatafuta hata unywele mmoja uliobaki, nikautoa. Alikwenda kwa daktari anang’aa kama bibi harusi.

Daktari alimwona mwanamke mwenye uso laini. Alimuuliza kama kuna dalili nyingine yoyote. Subilaga akasema hakuna. Angesema nini, na mimi nilikuwa nimemfundisha kwamba hicho kitu hakitamkwi hata kwangu? Hata habari za miezi iliyopotea hakusema, maana fundi wake alishamwambia ni kawaida. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, akaambiwa awe mvumilivu. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu daktari mwingine, uso ule ule uliosafishwa, jibu lile lile. Mara tatu nilimfuta mtu ushahidi usoni na kumpeleka mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kutazama ushahidi. Nikiwa najivunia. Hata zile tatu za bahati ningemwachia, labda mmoja wao angeuliza.

Sasa sikilizeni la Ijumaa ile. Subilaga alikuwa kwenye kiti, nimemaliza upande mmoja. Akasema anasikia baridi. Nikasema Mbeya. Akasimama, akakaa tena taratibu, na nilipotazama taulo jeupe alilokalia, halikuwa jeupe. Hakupiga kelele. Aliniomba radhi kwa ajili ya taulo.

Tulimpakia kwenye bajaji, mimi nikamshika begani. Hospitali walimlaza, wakamtundikia dripu, na nesi akanigeukia na karatasi. Akauliza hedhi yake ya mwisho lini, huwa anakosa miezi, kuna jambo lolote analolijua ndugu. Wadogo zangu, katika mji mzima mimi ndiye niliyekuwa na majibu yote. Mumewe hakuyajua, mama yake hakuyajua. Nikasema, “Sijui, mimi ni mtu wa saluni tu.”

Nyuma ya pazia hakuna jina. Niliitii ile sheria mpaka kitandani kwa mgonjwa. Walizuia damu, wakamrudisha nyumbani baada ya siku tatu, na kwenye karatasi yake pale penye historia palikuwa na mstari mtupu ambao ni wangu.

Baada ya hapo sikuweza kutulia, nikafanya ninachofanya nikiwa na hofu, yaani kujifunza. Nilisoma kwenye simu kwa miezi, neno moja kwa kamusi, neno moja kwa kubahatisha. Nilikutana na herufi nne, PCOS, hali ya homoni za mwanamke, na chini yake nikakuta maelezo ya kidevu changu, shingo ya Subilaga, na nusu ya benchi la Jumamosi. Nilitupa simu kitandani nikatoka nje kukaa juani. Nilikasirika sana. Nilitaka kumkasirikia mtu mwingine, nikapitia majina yote, nikarudi kwenye langu.

Wakati huo huko Kilolo mambo yalikuwa yanapikwa. Mama mkwe wake Subilaga, mjane mmoja mwenye ng’ombe na maneno machache, alikuwa amesema subira imetosha. Atampeleka mkamwana wake hospitali ya misheni nje ya Iringa mjini, ambako yeye mwenyewe alizalia watoto wake wote na haamini pengine. Wakirudi bila jibu, wazee wa ukoo watakaa. Subilaga alijua maana ya kukaa. Wangemrudisha kwao kwa upole, na debe la mahindi, na mwanaume angeoa mwingine. Na alimpenda yule dereva wake.

Akaja kwangu wiki tatu kabla ya safari. Alitaka tuanze mapema ili wekundu uishe.

“Leo sikufanyii,” nikamwambia.

“Umeishiwa uzi?”

“Uzi upo.”

“Basi nini, Ikupa? Usinichoshe, nimesimama na watoto tangu asubuhi.”

“Nikikusafisha, daktari atapima kazi yangu. Wewe hatakuona.”

Nikamweleza nilichosoma, vibaya, kwa kurukaruka. Nikamweleza na la nesi. Akaniuliza kwa sauti ile anayotumia kwa watoto wanaorusha mchanga kama nataka aende Iringa, ateremke kwenye basi, amsalimie mama mkwe na ndevu. Kama mimi mwenyewe ningeweza.

Nikavua kitambaa shingoni. Nilikuwa sijagusa kidevu changu siku sita.

Alinyoosha kidole akagusa, kama mtu anayepima kama rangi ya ukuta imekauka. “Tangu lini?”

“Tangu kabla yako.”

“Na Ijumaa zote hizo nilizokulilia hapa, unaninyofoa, unaniambia pole?”

Aliniita mnafiki, na alilitaja jina hilo mara mbili, la pili kwa Kinyakyusa ili liingie. Akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka akasema, “Wiki tatu. Na wewe pia. Ukinyoa nitajua.”

Wiki tatu za kufuga ndevu, mimi fundi wa ndevu, katika saluni yenye vioo sita. Mama Nuru aliniambia namharibia biashara; fundi viatu haendi sokoni pekupeku. Mteja mmoja alikataa nimguse. Mwingine aliomba aguse kidevu changu kwa bahati kabla ya kwenda kwenye usaili wa kazi, akapata kazi, akaleta na mdogo wake. Kule chekechea watoto walimwambia Subilaga kwamba sasa ni kama babu. Akawajibu ndiyo, anazeeka, wampe heshima. Wakaacha. Watoto hawana shida. Sisi ndio tunaowafundisha shida.

Nilimsindikiza Iringa, kwa sababu aliniamuru. Mama mkwe alikuwa anatungoja standi, amevaa kitenge cha kanisani na koti la marehemu mumewe. Akatusalimu kwa Kihehe, kamwene, tukaitikia. Kisha akamtazama mkamwana wake usoni. Akanitazama mimi. Akarudi kwake. Mimi moyoni nilikuwa nahesabu basi la kurudi linaondoka saa ngapi.

“Mwanangu alinambia kila Ijumaa hupatikani,” akasema mama yule. “Miaka minne. Ukiulizwa unasema ulikuwa kwenye nywele, na nywele zako ni zile zile. Mie nikajua unachoma sindano za kuzuia, au una mtu.”

Subilaga alivua mtandio wote, akauacha mji mzima wa Iringa umwone.

Mama mkwe akasogea karibu, akakishika kile kidevu kwa mkono wake mgumu, akakigeuza huku na huku. “Basi ndizo Ijumaa zako,” akasema. Akamfunika tena mtandio, akaufunga mwenyewe chini ya kidevu, taratibu, kama anamfunga mtoto anayekwenda kwenye baridi. “Twende, tutakosa namba.”

Mmeelewa nilichokuwa nakificha? Nilidhani naficha ndevu. Nilikuwa natengeneza uzinzi wa mtu asiyezini.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Hakuuliza kuhusu dalili. Alisema “ehee”, akavuta taa. Akatazama kidevu, akamwomba Subilaga ageuze shingo, akauliza kuhusu miezi. Safari hii Subilaga alisema yote, na pale alipositasita nilimkumbusha, kwa sababu nilikuwa nayajua kwa tarehe. Wakampima damu kuona kama hakuna kitu kingine kinachofanana na hiki, maana ndevu peke yake si jibu. Kuna mwenye ndevu asiye na tatizo, na kuna mwenye tatizo asiye na unywele. Wakampiga ultrasaundi. Daktari akatuonyesha kwenye kioo. Ovari pembeni zina vipunje vidogo vidogo, si uvimbe wa kukatwa, ni mayai yaliyoanza kukua yakakwama. Na katikati mji wa mimba, na ndani yake utando mweupe mnene, mnene kuliko ninavyoweza kuwaeleza.

Akaeleza. Kila mwezi mji wa mimba unajitandika, unangoja. Yai likitoka, mwili unatoa homoni ya kulituliza tandiko, na mimba isipoingia homoni hiyo inashuka na tandiko lote linatoka. Hiyo ndiyo hedhi. Kwa mwenye hali hii, homoni zimegongana, zile za kiume zimezidi kiasi, yai halitoki mara kwa mara. Yai lisipotoka, ile amri ya kusafisha haiji. Lakini kutandika hakukomi.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba magotini. Akasema, “Kwa hiyo anaongeza tandiko la majani zizini kila siku, na la zamani halisombwi.”

Daktari akageuka akamtazama. “Mama, ndivyo hivyo hasa.”

“Linaoza.”

“Likikaa miaka linaweza kuharibika, ndiyo. Hata likageuka saratani. Ndiyo maana nachukua kinyama kidogo tukapime.”

“Na siku linapozidi linaporomoka lenyewe. Ndiyo hiyo damu.”

Nilikuwa nimesoma miezi mitano na kamusi. Mfuga ng’ombe wa Kilolo alimaliza kwa pumzi tatu.

Halafu akauliza lile ambalo wote tulikuwa tumelifuata: kama mtoto ataingia. Daktari alisema wengi wenye hali hii wanazaa, wengine wenyewe tu, wengine kwa vidonge vya kuamsha yai, na kupungua uzito kidogo kunasaidia baadhi yao. Lakini kwanza zizi lisombwe na liwe linasombwa. Hakuna mbegu ya kupanda kwenye tandiko bovu. Na mume naye aje apimwe, asikae kwenye lori akingoja. Hapo mama mkwe alitazama dari kwa muda. Akasema atamleta mwenyewe.

Tulipokuwa tunatoka daktari akauliza ni nani aliyekuwa anamsafisha uso miaka yote. Nikainua mkono kama mwanafunzi. “Kazi nzuri sana,” akasema, na hakuwa ananisifu. Kisha akazitazama ndevu zangu kwa zamu. “Na wewe unangoja nini?”

Nilingoja miezi mitatu zaidi. Naandika hivi mnijue. Nilimsindikiza mtu safari ya siku nzima kwa ujasiri wote ule, halafu mimi mwenyewe nikasema sina mume, sitafuti mtoto, kuna haraka gani. Mji wa mimba hauulizi kama umeolewa. Wangu ulikuwa unatandika tangu shuleni. Nilipokwenda nao ulikutwa mnene, nikachukuliwa kinyama, nikakaa siku za kungoja majibu nikikunja mataulo yale yale. Majibu yalikuwa salama. Ya Subilaga nayo hayakuwa saratani, ila daktari alisema yalikuwa yameanza kuwa ya kutazamwa kwa karibu, na kama tungechelewa miaka mingine ya Ijumaa, asingependa kusema ingekuwaje. Sote wawili tunameza vidonge vya kuleta siku, kila mwezi, kwa tarehe.

Kwa hiyo majina ya wateja siwapi. Nimewapigia mwenyewe, mmoja mmoja, nikaanza kwa kusema kwamba na mimi ninazo. Wengine walikata simu. Wawili wa kwaya wamekwenda hospitali pamoja. Nyinyi mtakapowapata wapya, nyofoeni, sikatazi, mtu ana haki ya uso wake. Lakini kabla ya uzi kuingia mdomoni mwulize siku zake zinakuja lini, na akisema miezi inapita, usimwambie pole na usimwambie ni kawaida. Mwambie aende hospitali, aseme, na kama kusema ni kugumu basi aende bila kupitia kwako. Sitaki kusikia kwamba mmemng’arisha mtu mkampeleka kwa daktari. Mkifanya hivyo nitakuja na shingo yangu hii hii.

Mtauliza kuhusu mtoto, maana watu wote wanauliza hilo tu. Mtoto bado. Mume amepimwa, yuko sawa, na ukoo haukukaa.

Ila mwezi wa kwanza baada ya Iringa, tarehe ambayo Subilaga alitakiwa kuziona siku zake, nilikuwa kwake tunamenya viazi. Akaingia ndani, akatoka, akakaa, akaendelea kumenya kama hakuna kitu. Simu yake ikalia. Ilikuwa Kilolo. Katika nyumba ile miaka minne yote, damu ya Subilaga ilikuwa habari ya msiba. Mama mkwe alikuwa akiisikia anakata simu. Sasa aliuliza bila hata salamu, kwa sauti kubwa mpaka nikasikia na mimi:

“Mwanangu, limesombwa?”

“Limesombwa, mama.”

Na kule upande wa pili yule mjane wa maneno machache akapiga kigelegele.